Ulimwambia Kocha, Kocha Akamwambia Nani?

Mwaka 1997 pale East Lansing, Marekani, kwenye chuo cha Michigan State, binti wa miaka 16 aliyekuwa anafanya mazoezi ya jimnastiki alimwambia kocha kwamba daktari wa timu anamshika pasipostahili, anasingizia matibabu. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye akiwa mtu mzima, kocha aliinua karatasi akamwambia naweza kuiandikia ripoti hii, ila ujue itakuwa na madhara makubwa kwako na kwa daktari. Karatasi haikuandikwa. Daktari huyo ni Larry Nassar, na aliendelea na kazi mpaka 2016, miaka 19 mbele.

Nimeanza na ile karatasi makusudi. Sisi tunaoshughulika na dawati la jinsia vyuoni tukisikia kesi ya namna hii watu wote wanamuuliza mtendaji, alifanya au hakufanya, na ni sawa, lazima aulizwe na yeye ana haki ya kusikilizwa. Lakini kuna swali la pili ambalo kwenye michezo ndo lenye uzito, nani aliambiwa, lini, na baada ya kuambiwa alifanya nini. Nassar peke yake asingefika miaka 19. Alibebwa na watu walioambiwa wakafunika kombe.

Kocha yule alikuja kusema hakumbuki kuambiwa kitu, akatiwa hatiani 2020 kwa kudanganya wapelelezi, na Desemba 2021 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu. Kwa hiyo hata kumwajibisha mtu aliyeambiwa siyo kazi ndogo, hasa kama hakuna maandishi.

Sasa 2014 maandishi yalikuwepo. Mhitimu mmoja alienda kwa Nassar na maumivu ya nyonga, akatoka na malalamiko, akapeleka chuoni rasmi. Chuo kikachunguza. Wataalamu wanne waliombwa maoni kama ile ni tiba ya kweli au la, na wote wanne walikuwa watu wa hapohapo chuoni, wanaofahamiana na daktari! Wakasema ni tiba. Kichekesho, kama unaweza kukiita hivyo, hitimisho la ripoti lilitoka kwa matoleo mawili, la chuo lilikiri kwamba mtindo ule wa tiba unaweza kuwaumiza wagonjwa kisaikolojia na kukiweka chuo kwenye hatari ya kushtakiwa, la mlalamikaji hiyo sehemu haimo. Daktari akarudishwa kazini wakati polisi bado wana faili lake, akapewa masharti, mtu wa pili awepo chumbani, asiguse ngozi bila sababu, na hakuna aliyefuatilia. Mkuu wa kitivo aliyeyaweka masharti hayo, William Strampel, ndiye mmoja wa wachache waliofungwa kwa upande huu wa uzembe, 2019 alipewa mwaka mmoja, na makosa mengine yake mwenyewe yakiwemo.

Januari 24, 2018 Nassar alihukumiwa miaka 40 mpaka 175 baada ya wanawake zaidi ya 150 kutoa maelezo yao mahakamani, na siku ileile rais wa chuo akajiuzulu. Chuo kikakubali kulipa dola milioni 500, kati ya hizo milioni 425 kwa watu 332 na milioni 75 zikawekwa akiba kwa watakaojitokeza. Serikali kuu nayo ikakipiga faini ya dola milioni 4.5 mwaka 2019 chini ya sheria ya Clery, ile inayovilazimisha vyuo kutangaza makosa ya jinai yanayotokea kampasi. Mimi naiona hiyo milioni 4.5 kama nauli ya daladala ukiilinganisha na hasara yenyewe.

Kuna Baylor pia, chuo cha Wabaptisti pale Waco, Texas. Hapo shida ilikuwa timu ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wake walituhumiwa kubaka. Wachunguzi wa nje walikuta benchi la ufundi linaendesha uchunguzi wake lenyewe, watu wa timu wanakutana na mlalamikaji au mzazi wake uso kwa uso, alafu taarifa haifiki inapotakiwa kufika. Sasa jiweke wewe, mwanao amebakwa, na anayekuja kukaa na wewe kuongea ni mtu ambaye Jumamosi anamhitaji mtuhumiwa uwanjani. Mei 2016 kocha Art Briles akaondolewa, rais wa chuo Ken Starr akavuliwa urais. Ripoti kamili haikuandikwa, wajumbe wa bodi walielezwa kwa mdomo na umma ukapewa muhtasari wa kurasa 13.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kilitoa uamuzi wake Agosti 2021, na hapa naomba usome taratibu. Sheria zao zinakataza mchezaji kupewa upendeleo ambao mwanafunzi wa kawaida hapati. Wakaangalia wakasema uzembe wa Baylor ulikuwa wa chuo kizima, wanafunzi wote walitelekezwa vilevile, kwa hiyo wachezaji hawakupendelewa, kwa hiyo hakuna kosa la NCAA kwenye hilo. Adhabu iliyotoka ilikuwa kwa makosa mengine, miaka 4 ya kuwekwa chini ya uangalizi na faini ya dola 5,000. Yaani kuzembea kwa kila mtu ndo ikawa kinga.

Kwa nini nawaandikia haya nyie? Kwa sababu vijana wetu wa mbio, hasa kutoka Kenya, wanaenda vyuo hivyo kwa skolashipu toka zamani, na kijana anapofika kule kocha ndo kila kitu, ndo kamtafuta, ndo kampokea eapoti, tunamwita mzazi kabisa. Likitokea jambo atamwambia nani kama siyo kocha? Na hapo ndo mtego ulipo. Kwa kanuni za Title IX, sheria nitakayoieleza hapo chini, zinazotumika vyuoni baada ya mahakama mwezi Januari 2025 kuzifuta zile zilizotolewa 2024, chuo kinahesabika kimeambiwa pale taarifa inapomfikia mratibu wa Title IX au ofisa mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kocha anaweza asihesabike kuwa ndiye huyo. Unaweza ukawa umelia ofisini kwake saa nzima na kisheria chuo hakijaambiwa kitu.

Title IX, wao wanaitamka Taito Naini, ni sheria ya 1972 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, na kila chuo kinachopokea pesa za serikali kuu lazima kiwe na mratibu wake, jina na imeili viko kwenye tovuti ya chuo. Kukulipizia kisasi kwa sababu umelalamika ni kosa kwa sheria hiyohiyo. Kuhusu viza, kulalamika hakufuti viza ya mwanafunzi, kinacholeta shida ni kuacha masomo kimyakimya, kwa hiyo kama huwezi kuingia darasani nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakupunguzie mzigo kihalali. Na kama umebakwa, kipimo cha hospitalini cha kukusanya ushahidi mwilini hulipii hata kama hutaki kwenda polisi, ila kinataka siku chache za mwanzo. Kama unataka tu mtu wa kuongea naye bila jambo kwenda popote, muone mshauri nasaha wa chuo, yeye kwa kawaida anabanwa na siri, kocha habanwi.

Kocha mwambie ukitaka, wapo wazuri wengi tu. Ila usiku huohuo mwandikie mratibu imeili fupi, nini kilitokea, tarehe, mahali, na kwamba kocha umemwambia saa ngapi. Nakala jitumie kwenye imeili yako binafsi, maana ile ya chuo ukishaondoka wanaifunga.