Kabla hujafunga sanduku, geuza mashine usome kibandiko

Mwaka jana tulipokea mashine tatu za oksijeni kutoka kwa ndugu zetu wa Pemba wanaoishi nje. Waliochanga fedha zile wengine nimesoma nao skuli. Ziliteremshwa bandarini Mkoani zikiwa salama, na siku ya pili yake wodi ya watoto wakaomba moja. Muuguzi wa zamu akaichomeka kwa adapta. Haikupita robo saa nikapigiwa simu: "Fundi, njoo, inatoa moshi!"

Nilipoigeuza nikaona kibandiko mgongoni, maandishi madogo kabisa: 115V, 60Hz. Umeme wetu, unaotufikia tangu mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, ni volti 230 na hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kila sekunde. Ile adapta ya dukani inabadilisha umbo la plagi tu. Umeme unaoingia ni ule ule. Mashine ya volti 115 ilipewa mara mbili ya inachoweza kubeba, ikaungua.

Wengi wakisikia hivi husema: si mtafute transfoma? Nilitafuta, nikaifunga kwenye ya pili. Haikuungua. Ikanguruma, hewa ikatoka, kisha taa ya manjano ikawaka. Nilipoipima, oksijeni haikufika asilimia 82, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika.

Sababu yake ni hii. Mashine hizi hazitengenezi oksijeni. Zinavuta hewa ya chumbani, kompresa inaisukuma ndani ya mitungi yenye punje za zeolaiti, punje zinashika naitrojeni, na oksijeni ndiyo inayobaki kwenda kwa mgonjwa. Transfoma inashusha volti lakini hezi haizigusi, na mota ya kompresa za aina ile huzunguka kwa kufuata hezi. Iliyoundwa kwa 60 ukiipa 50, pale ilipopaswa kuzunguka mara sita inazunguka mara tano. Msukumo unapungua, feni nayo inalegea, mota inapata moto. Linaloniuma zaidi ni kwamba mzazi aliyekaa pembeni hawezi kujua. Anasikia mashine inanguruma, anaona mpira uko puani kwa mwanawe, anatulia.

Ya tatu sikuiwasha.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi.

Skuli nazo zina kisa hicho hicho. Kompyuta nyingi za zamani za mezani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la umeme, ya kuchagua 115 au 230. Zikitoka Marekani au Canada huwa ziko 115. Mwalimu akichomeka bila kuisogeza, mlio mmoja tu na kompyuta imekwenda. Chaja za laputopu hazina tabu: karibu zote zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, na kitu chenye maandishi hayo kitafanya kazi Wete kama kinavyofanya Toronto.

Dawa nitazigusa tu, maana huko kuna wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa misaada ya dawa tangu mwaka 1996: ziwe zimeombwa, na zikifika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Dawa iliyobakiwa na miezi mitatu inaweza kumaliza muda wake huku kontena bado liko njiani.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjalipa hata senti, pigeni picha ya kibandiko mumtumie fundi wa hospitali mnayotaka kuisaidia. Muulizeni vichujio vya mashine ya aina hiyo anavipata wapi. Na mashine ya oksijeni isikae bohari miezi na miezi, kwa sababu zeolaiti hunywa unyevu, na unyevu wa kwetu mnaujua.

Mwezi uliopita dada mmoja aliyeko Uingereza alinitumia picha ya namna hiyo: 230V, 50Hz. Nikamwambia nunua. Imefika na vichujio sita, kavifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuubandika ubavuni kwa gundi ya karatasi. Leo asubuhi nimeipima: asilimia 94.