Kanisa la Kwanza Tunalolitamani: Dhana Potofu na Ukweli

Tulikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa hapa Gungu, Kigoma. Mezani palikuwa na daftari lenye majina ya wajane wanaogawiwa unga na mawese kila mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliandika. Mama mmoja mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, aliyeolewa hapa na kufiwa hapa, akasimama.

"Wazee wangu, Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, mama."

"Huu mwezi wa tatu majina yetu sisi tuliotoka ng'ambo hayasomwi. Naomba kujua tumekosa nini."

Hakuna aliyejibu haraka. Mwishowe mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema maneno ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili: "Tungekuwa kama kanisa la kwanza, mambo kama haya yasingetokea."

Usiku ule nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 6, nikaona kwamba yalitokea. Yalikuwa haya haya, ya wajane na chakula. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za Wakristo wa karne tatu za mwanzo kwa jicho jingine, na nimegundua kwamba mengi tunayowasifia hawakuwa nayo, na mengi waliyokuwa nayo hatuyataji.

"Kanisa la kwanza halikuwa na manung'uniko"

Dhana hii inatokana na aya chache za sura ya 2 na ya 4, zinazosema waumini walikuwa na moyo mmoja. Aya hizo ni za kweli. Lakini ukisonga mbele kidogo tu unawakuta Wayahudi wanaosema Kiyunani wakiwanung'unikia Waebrania, kwa kuwa wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wote walikuwa Wayahudi, wote wamebatizwa, wote wanaishi Yerusalemu. Kilichowatenganisha ni lugha ya nyumbani na mahali walikotoka. Wenyeji waliandikwa, wageni wakarukwa.

Angalia walivyolishughulikia. Mitume hawakuuliza nani ameanzisha maneno. Hawakumwambia mtu yeyote akaombe kwanza ili atulize roho yake. Waliita mkutano wote, wakasema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo. Kisha soma majina yao polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na huyo wa mwisho, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa Myahudi kabisa, alikuwa ameongokea dini ya Kiyahudi. Kwa jinsi ninavyosoma mimi, ufunguo wa ghala ulikabidhiwa upande uliolia njaa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kifo cha Stefano. Juu ya Stefano mgawa chakula nimesikia machache sana.

Katika kikao chetu mimi nilikuwa wa kwanza kujitetea. Nilisema majina yalirukwa kwa bahati mbaya. Ni kweli sikumchukia mtu. Niliandika wale niliowafahamu, na niliowafahamu ni wale ninaopiga nao soga kwa Kiha tukitoka ibadani. Lakini kwa mtu aliyelala bila unga miezi mitatu, bahati mbaya yangu na chuki vinafanana. Daftari sasa linashikwa na kina mama wawili, na mmoja wao ni yule aliyesimama siku ile.

Manung'uniko ya wajane hayakuwa ya mwisho. Huko Antiokia, Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kwa kuacha kula na Wakristo wasiotahiriwa pale walipofika watu kutoka Yerusalemu. Baadaye Paulo na Barnaba waligombana vikali juu ya kijana Marko, aliyewaacha njiani katika safari ya kwanza, hata wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Miaka ikapita. Katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo, akiwa kifungoni, akiagiza aletewe Marko huyo huyo, kwa maana anamfaa. Aya ile moja imenisaidia nyumbani kwangu kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

"Waliuza kila kitu, hakuna aliyebaki na mali"

Barnaba, Mlawi wa Kipro, aliuza shamba lake na kuleta fedha miguuni pa mitume. Hilo halina ubishi. Lakini kosa la Anania na Safira halikuwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilipokuwa bado hakijauzwa kilikuwa chake, na hata kilipouzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa kudanganya. Mariamu mama yake Marko aliendelea kuwa na nyumba yake Yerusalemu, na ndimo watu walimokusanyika kumwombea Petro alipokuwa gerezani. Filemoni alikuwa na nyumba yenye chumba cha wageni, na kanisa lilikutana humo. Watu waliuza pale uhitaji ulipojitokeza, kwa hiari yao, na fedha ikaenda kwa mwenye kuhitaji.

Naliandika hili kwa uchungu. Jirani yangu mmoja, mjane, aliuza shamba lake la michikichi baada ya kuambiwa kwenye mkutano wa injili kwamba kanisa la kwanza waliuza mashamba, na yeye akipanda mbegu ya namna hiyo atavuna mara mia. Mawese ya shamba lile ndiyo yaliyokuwa yakilipia sare na madaftari ya wajukuu wake. Mhubiri aliondoka mjini, fedha ikaondoka naye. Sasa yule mama ananunua mawese ya kupimiwa kwenye kikombe sokoni Mwanga.

Wakristo wa kale waliwajua wahubiri wa namna hii. Kuna mwongozo mfupi uitwao Didake, yaani Mafundisho, ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Unaeleza namna ya kumpokea mhubiri anayesafiri: apokewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, au mbili kama ipo haja. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, basi. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na yeyote anayedai kusema kwa Roho kisha akasema "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wahitaji wengine. Anayetaka kuhamia kabisa afanye kazi ale. Laiti maneno haya yangebandikwa kwenye mlango wa kila kanisa kuanzia hapa mpaka Tabora.

Na sadaka yenyewe ilikwenda wapi? Yustino, mwalimu Mkristo aliyeandika akiwa Roma yapata mwaka 155, anasema wenye uwezo walitoa walichopenda siku ya Jumapili, na mkusanyiko ukawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Tunisia ya leo, yapata mwaka 197, anasema kila mtu alitoa mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa, na fedha hiyo ililisha na kuzika maskini, ikawatunza yatima, wazee waliochoka na watu waliopoteza mali katika ajali za meli. Sisi wa kando ya ziwa, ambao tumeona mitumbwi ikirudi na watu pungufu, hilo la ajali za meli hatuhitaji kufafanuliwa.

"Waliishi mafichoni makaburini kwa miaka 300"

Mahandaki ya Roma yalikuwa makaburi. Watu walizikwa humo na ndugu zao wakaenda kuwakumbuka, hayakuwa makazi. Mateso nayo yalikuja kwa mawimbi. Ya kaisari Nero, baada ya moto wa mwaka 64, yalikuwa ya mji wa Roma. Amri ya kwanza ya dola nzima ya Kirumi ilitolewa na kaisari Desio karibu mwaka 250: kila mtu atoe dhabihu kwa miungu na apewe hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri, zimeandikwa kwenye mafunjo. Kuanzia 260 kulikuwa na utulivu wa miaka kama arobaini, kisha kaisari Diokletiano akaanza upya mwaka 303, na mwaka 313 makaisari Konstantino na Likinio wakaruhusu watu waabudu kwa uhuru.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata baada ya Desio. Wakristo wengi sana waliogopa wakatoa dhabihu, wengine wakanunua hati kwa rushwa. Hatari ilipopungua wakarudi wakibisha hodi. Kanisa la Karthago likagawanyika: wapo waliotaka warudishwe bila swali, wapo waliotaka wafungiwe nje milele. Askofu wao, Sipriano, mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa mateso, na walimsema kwa hilo. Mwaka 251 mkutano wa maaskofu ulichagua njia ya kati, yaani toba ya kweli, kila mtu aangaliwe kwa uzito wa alilolitenda, na mlango usifungwe. Miaka saba baadaye Sipriano alikatwa kichwa kwa ajili ya imani. Hata leo, binti aliyepata mimba kwaya ikamfukuza, naye akaacha kuja kanisani, anaulizia mlango huo huo.

"Ukristo ulifika Afrika pamoja na wazungu"

Hapa Ujiji, ndiyo, tunahesabu kuanzia wamisionari wa London mwaka 1878 na Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, mwaka 1879. Lakini Ujiji si Afrika nzima. Watu wa Kirene, katika Libya ya leo, walikuwa miongoni mwa waliohubiri Antiokia kabla Paulo hajafika huko, na ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Towashi wa Kushi alibatizwa na Filipo akarudi kwao, upande wa Sudani ya leo. Mwaka 180 Wakristo wa Scilli, kijiji cha Afrika Kaskazini, walisimamishwa mbele ya liwali huko Karthago. Walipoulizwa wana nini ndani ya mfuko wao, wakajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alipokea imani katika karne ya 4 na kuweka msalaba kwenye sarafu zake. Tertuliano, Sipriano, Athanasio na Agustino, waandishi wakubwa wa kanisa la kale, wote walizaliwa katika bara hili.

Hata huku kwetu kazi haikuwa ya wazungu peke yao. Adriano Atiman alitekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kusini mwetu kwenye ziwa hili hili, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini hapo mpaka alipofariki mwaka 1956.

"Kila mtu alikuwa na Biblia yake, na wanawake walikaa kimya"

Hili la Biblia halihitaji maneno mengi. Wengi hawakujua kusoma, vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua tunaikuta katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Neno walilipata kwa kusikia likisomwa mbele ya wote. Bibi asiyejua kusoma anayekaa benchi la mbele akisikiliza kwa makini yuko karibu nao sana.

Kuhusu wanawake, Fibi alikuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na inaaminika ndiye aliyeupeleka waraka kwa Warumi. Prisila na mumewe walimfundisha Apolo, msomi wa Aleksandria. Yapata mwaka 112 gavana Mrumi Plinio alipotaka kuujua ukweli wa Wakristo wa Bithinia, katika Uturuki ya leo, aliwatesa wajakazi wawili ambao kanisa liliwaita wahudumu. Alijua nani wa kumuuliza.

"Meza ya Bwana ilikuwa kipande cha mkate na funda la divai, kama yetu"

Korintho walikula chakula kamili, jioni, katika nyumba ya mtu mwenye nafasi. Wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao. Watumwa na vibarua walifika baada ya kazi, wakakuta sahani tupu na wenzao wengine wamelewa. Paulo aliwaambia huko ni kulidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Dawa aliyowapa ilikuwa neno moja: mngojane.

Jumuiya yetu hukutana Alhamisi, na mara moja kwa mwezi tunakula pamoja, ugali wa muhogo na mgebuka wa kuungwa na mawese. Sisi wa maofisini na wenye maduka tunafika saa kumi na moja. Kina mama wa mwaloni Kibirizi hawawezi kutoka kabla hawajaanua dagaa, na vijana wanaobeba mizigo ya boti hawana saa maalumu. Kwa miaka walikuwa wakifika na mchanga miguuni, wanakuta mchuzi na ukoko, wanasema "haina shida, tumeshiba", na sisi tukiamini.

Alhamisi iliyopita tulifunika masufuria kwa sahani, watoto wakalalamika kidogo, tukaimba nyimbo nne. Saa moja na robo usiku tukasikia hodi.

"Karibuni, kina mama. Naweni mikono."