Intaneti ya kasi: wingi wa wateja si faida

Wengi wanaotaka kununua hisa za kampuni ya intaneti ya kasi hujipa moyo hivi: kila mtu anahitaji intaneti, wateja wanaongezeka, basi pesa haiwezi kupotea. Sivyo hata kidogo. Excite@Home, kampuni ya intaneti ya kasi ya Marekani, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 3 ilipofilisika mwaka 2001. Wateja walikuwepo, madeni ndiyo yaliyoishinda.

Mtandao wa faiba, yaani nyaya nyembamba za kioo zinazoleta intaneti ya kasi, hula pesa kabla haujaingiza hata senti: vibali, mitaro, nyaya, kisha fundi wa kumuunganishia kila mteja. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kati ya nyumba 100 ambazo waya umepita mlangoni, ngapi zimejiunga? Zikijiunga 20 au 50, gharama ya mtaro ni ile ile, ila mapato ya mwezi yanapishana zaidi ya maradufu. Halafu uliza wangapi wanahama, na madeni ya kampuni yanaiva lini, yaani yanatakiwa kulipwa lini. Ripoti inayojivunia idadi ya wateja huku ikinyamazia madeni, mimi naiona ni hatari kwa mwekezaji mdogo.