Kusoma matumbawe ya kale kwa kutazama matumbawe ya leo

Anayepanda kutoka Moshi mjini kupitia Marangu hujua amefika wapi kwa kutazama mimea: migomba na kahawa, msitu, vichaka, kisha mawe matupu. Matumbawe yanayojenga miamba nayo hujipanga kwa ngazi, ila kwenda chini, kwa sababu miilini mwake huishi mwani mdogo sana unaohitaji mwanga. Kulinganisha visukuku vyake (mabaki yaliyogeuka mawe) na matumbawe hai ni kutumia mpangilio huo kukadiria kina, mawimbi na usafi wa maji ya bahari ya kale.

Mawe ya Moshi na Arusha ni ya volkano, si ya matumbawe, hivyo mwalimu wa huko anayefundisha somo hili atalazimika kushusha wanafunzi pwani. Huko baadhi ya miamba iliyo nchi kavu ilikuwa hai miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

Nyosha tepu ya mita 10 kwenye uso wa mwamba. Kwa kila tumbawe lililo chini ya tepu, andika aina, umbo, upana, na kama limesimama lilivyoota. Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi: lililopinduka huenda lilibebwa na dhoruba, na halithibitishi kina cha hapo.

Tumbawe la jenasi Acropora lenye matawi manene, lililofunikwa na mwani mgumu wa chokaa, huashiria maji mafupi yenye mawimbi makali. Bonge la Porites, jenasi nyingine ya matumbawe, lenye kilele bapa ni ushahidi mzuri zaidi, kwani kilele hufa kinapoachwa wazi maji yakipwa. Hivyo huonyesha usawa wa bahari wa wakati ule. Matumbawe yenye umbo la sahani nyembamba yanahitaji uangalifu. Humaanisha mwanga hafifu, lakini sababu yaweza kuwa kina au tope. Chunguza kilichojaa katikati yake: udongo laini unaelekeza kwenye maji machafu.

Kosa kubwa ni kulinganisha visukuku na matumbawe hai peke yake. Matawi membamba husagika, mabonge hubaki, na mabaki ya karne nyingi hulundikana tabaka moja. Linganisha pia na vifusi vilivyokufa chini ya mwamba hai. Maji ya mvua nayo hugeuza aragonaiti, madini yanayojenga mifupa ya matumbawe, kuwa kalsaiti, madini mengine ya chokaa, na kufuta alama ndogo. Hapo taja umbo tu, usilazimishe jina la spishi.

Kwa makundi ya matumbawe ya kale sana yaitwayo Rugosa na Tabulata, yaliyotoweka miaka milioni 252 hivi iliyopita, ulinganisho hudhoofika sana, maana hayana ndugu wa karibu walio hai. Huko tegemea zaidi mashapo (mchanga na tope lililogeuka mwamba) yanayoyazunguka.