Dwarfie Stane, kisiwani Hoy: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ni nyumba ya kibete." Ni kaburi. Jiwe-mchanga moja kubwa, urefu wake takribani mita 8.5, limelala bondeni kwenye kisiwa cha Hoy, Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Watu wa Zama za Mawe walilitoboa kwa zana za mawe na pembe wakapata ujia mfupi na chumba kila upande. Umri wake, yapata miaka 5,000, hukadiriwa kwa kulilinganisha na makaburi mengine, kwani ndani hapakukutwa mifupa wala vyombo.

"Tundu la paa lilitafunwa na jitu lililofungiwa ndani." Hadithi tamu. Katika karne ya 16 jiwe la kuzibia lilikuwa bado mlangoni, hivyo yamkini wenye tamaa ya hazina walipasua paa. Tundu limezibwa kwa zege, na jiwe la mlango sasa liko nje, hatua chache tu.

"Maandishi ya Kiajemi kwenye jiwe ni ya kale." Hili huwanasa hata wanaosoma herufi za Kiarabu vizuri. Yalichongwa mwaka 1850 na William Mounsey, mwanajeshi Mwingereza aliyewahi kuwa Uajemi, akisema amekaa usiku mbili na kujifunza subira. Jina lake aliliandika kinyumenyume kwa Kilatini. Ukitaka yasomeke kwenye picha, mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya jiwe. Usipake chaki wala kusugua. Mwamba huu humomonyoka.

"Lazima tiketi na gari." Kuingia ni bure. Kivuko cha Stromness, mji wa kisiwa kikuu cha Orkney, hadi Moaness, gati la Hoy, hubeba abiria, si magari. Kutoka hapo tembea takribani saa moja kwa barabara ya Rackwick. Mwenye gari apande kivuko cha Houton, pia kisiwa kikuu, kwenda Lyness huko Hoy. Hakikisha saa za kurudi kabla ya kuondoka gatini, maana safari ni chache na upepo huzifuta.

Kutoka barabarani unavuka kinamasi cha mboji: vaa buti zisizopitisha maji, na siku tulivu za kiangazi paka dawa ya visubi. Mlango una upana na kimo cha mita moja hivi. Vua begi nje, tambaa kwa magoti, tochi ikiwa kichwani ili mikono ibaki huru. Vyumbani huwezi kusimama, na wengi hugonga kichwa wakati wa kutoka.