Kashmir na Maana ya Mwitikio wa Kimataifa

Mwitikio wa kimataifa ni jumla ya kauli zinazotolewa na hatua zinazochukuliwa na nchi za nje pamoja na mashirika ya kimataifa, pale serikali moja inapofanya uamuzi unaogusa watu walio nje ya mipaka yake. Dhana hii huwa na uzito wa pekee serikali inapoliondolea mamlaka ya ndani eneo linalogombaniwa, kwa kuwa kila nchi, hata ile inayonyamaza, huwa imekwisha kujibu swali moja: je, hili ni suala la ndani, au ni sehemu ya mgogoro ambao wengine wana haki ya kuuzungumzia?

Tarehe 5 Agosti 2019 serikali ya India ilitangaza kuiondolea Jammu na Kashmir, jimbo la kaskazini linalogombaniwa na Pakistan, hadhi maalumu iliyotokana na ibara ya 370 ya katiba, hadhi iliyoliruhusu jimbo hilo kuwa na katiba na bendera yake. Ibara ya 35A, iliyowazuia watu wasio wakazi wa kudumu kumiliki ardhi huko, ilikoma pia, na tarehe 31 Oktoba jimbo likagawanywa kuwa maeneo mawili, Jammu na Kashmir kwa upande mmoja na Ladakh kwa upande wa pili, yote yakiwa chini ya serikali kuu. Simu na intaneti zilikatwa, na viongozi wa kisiasa, wakiwemo waliowahi kuwa mawaziri wakuu wa jimbo, wakazuiliwa.

Pakistan, inayodai Kashmir tangu 1947, ilimfukuza balozi wa India na kusitisha biashara kati ya nchi hizo mbili. China ilipinga hasa kuhusu Ladakh, kwa kuwa India huihesabu Aksai Chin, inayoshikiliwa na China, kuwa sehemu ya Ladakh. Urusi ilieleza kwamba mabadiliko hayo yamefanyika ndani ya mfumo wa katiba ya India, na balozi wa Falme za Kiarabu mjini New Delhi akayaita suala la ndani. Uturuki na Malaysia ziliikosoa India waziwazi. Malaysia ilionja gharama ya kauli hiyo, maana Januari 2020 India iliwekea vikwazo uagizaji wa mafuta ya mawese yaliyosafishwa, bidhaa ambayo Malaysia ilikuwa ikiiuzia kwa wingi. Mfano huo unatosha kueleza kwa nini nchi nyingi hupima maneno yao kwa makini kiasi kile.

Lugha ya kidiplomasia yenyewe inastahili kusomwa polepole. Tarehe 8 Agosti Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba pande zote zijizuie, kisha akataja katika tamko lilelile Mkataba wa Simla wa 1972, unaozitaka India na Pakistan zimalize tofauti zao kwa amani, kwa mazungumzo baina yao au kwa njia nyingine zitakayokubaliana, na maazimio ya Baraza la Usalama. India huegemea mkataba huo inapokataa upatanishi wa nje, ilhali Pakistan huegemea maazimio hayo, ambayo tangu 1948 yamezungumzia kura ya maoni ya wakazi kuhusu nchi ipi wajiunge nayo. Kuvitaja vyote viwili ni kukataa kumpa yeyote ushindi.

Tarehe 16 Agosti Baraza la Usalama lilikutana faraghani kwa ombi la China, na halikutoa tamko lolote la pamoja. Mbele ya waandishi wa habari, balozi wa China alitangulia kuzungumza, akafuata wa Pakistan, kisha wa India, Syed Akbaruddin, ambaye alisisitiza kwamba jambo hilo ni la ndani kabisa. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ya mwitikio ule ni kwamba mabishano kuhusu nani ana haki ya kusema yalizifunika sauti za Wakashmiri wenyewe, ambao wakati huo hawakuweza hata kuwapigia simu jamaa zao.

Mahakama ya Juu ya India iliuidhinisha uamuzi wa kuondoa hadhi hiyo maalumu tarehe 11 Desemba 2023. Siku chache baadaye China ilisema kwamba hukumu ya mahakama ya India haibadilishi lolote kuhusu sehemu ya mpaka inayodai kuwa yake, na kwamba haijawahi kuitambua Ladakh kama eneo lililoundwa na India.