CT ya spektra ni nini?

CT ya kawaida, yaani kipimo cha eksirei kinachotoa picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, hukipa kila kitone cha picha namba moja: maji ni 0, hewa ni -1000. Namba hiyo husema kitone kimezuia eksirei kwa kiasi gani, basi. Haisemi ni kitu gani kilichozuia. Chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa na dawa ya iodini iliyochomwa ili mishipa ionekane zinaweza kupata namba ileile, zote nyeupe.

CT ya spektra hupima kitone hichohicho kwa viwango viwili au zaidi vya nishati. Iodini huzuia sana eksirei zenye nishati iliyo juu kidogo ya kiloelektrovolti 33, kisha nishati ikipanda uwezo huo hushuka haraka. Kwa hiyo mrija unaotoa eksirei ukiwekwa kilovolti 80, iodini hung'aa karibu mara mbili ya inavyong'aa ukiwekwa 140. Chokaa nayo hufifia, ila si kwa kasi hiyo. Tofauti hiyo ndiyo kompyuta inayoitumia kutenganisha vitu.

Mashine nyingine zina mirija miwili ya eksirei, nyingine mrija mmoja unaobadilisha volti harakaharaka, nyingine kipokezi (sehemu inayonasa eksirei zilizopita mwilini) cha tabaka mbili: la juu hunasa fotoni, yaani chembe za eksirei, zilizo dhaifu, la chini zenye nguvu. Kizazi kipya, kilichopata kibali Marekani mwaka 2021, huhesabu fotoni moja moja na kupima nishati ya kila moja.

Faida yake huonekana wazi kwa mgonjwa wa kiharusi aliyetolewa donge la damu ubongoni. CT ya baadaye ikionyesha doa jeupe, je, ni damu imevuja au ni dawa ya iodini imebaki? Iodini huondolewa kwa hesabu: doa likitoweka lilikuwa dawa, likibaki ni damu. Jibu hilo huamua kama ni salama kumpa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo halifai kubahatishwa.

Mipaka ipo. Nishati mbili zikipigwa kwa kupokezana, mgonjwa akipumua katikati picha hazilingani na kingo hutoa vivuli vya uongo. Kwenye mwili mnene miale ya kilovolti 80 humezwa kabla ya kufika kwenye kipokezi, na picha hujaa chenga. Hesabu ya kuondoa iodini nayo huweza kufuta kijiwe kidogo cha figo pamoja na dawa. Anayetafuta vijiwe vya milimita mbili tatu bado apigwe picha halisi kabla ya kuchomwa dawa.